Nafasi ya Kidole

Mkwe wangu Hermínio ni fundi wa milango. Nalisema hili mwanzoni ili lieleweke: milango, vitanda, na makabati ya wenye nazo. Ni mtu wa kule juu, uwanda wa Mueda, na mpaka siku alipomwoa binti yangu Nazira hakuwa amewahi kutia mguu ndani ya chombo cha baharini. Alisilimu kabla ya ndoa, anaswali, hanywi, hayo sina neno nayo. Lakini bahari haijui, na kuogelea hajui.

Nazira alimpata Palma, miaka ile tulipokimbilia huko kwa sababu ya vita. Tuliporudi kisiwani Macaloe wengine walirudi na masufuria ya msaada, yeye akarudi na mume.

Kwetu mama mkwe hasemi na mkwe wake wa kiume. Si ugomvi, ni heshima. Nikipita, yeye anainamisha macho. Akipita yeye, mimi navuta kapulana, kanga yangu, usoni. Mbele yake jina lake silitaji. Nikiwa na neno namwambia Nazira, Nazira analipeleka, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Miaka mitatu tumekaa ua mmoja hivyo, na kusema kweli niliona raha. Nina ulimi mkali, najijua, na nilidhani kila neno langu likipita kwa Nazira linafika limepozwa.

Mimba ya Nazira ilipoingia mwezi wa nane, wauguzi wanaozunguka visiwani walimpima, kisha wakaniita pembeni. Kondo la nyuma limekaa chini, walisema, limeziba njia ya mtoto. Huyu hawezi kujifungulia kisiwani. Lazima aende Palma, akae kwenye nyumba ya kusubiria uzazi, apasuliwe siku yake ikifika. Avushwe amelala chali pakavu, asikunjwe wala asirushwerushwe. Na akiona damu, hata tone, aondoke saa ileile, maana akivuja sana watakufa wote wawili, yeye na mtoto. Waliniuliza kama nimeelewa. Nilielewa vizuri mno; usiku huo sikula.

Chombo tulichonacho ni mashua aliyoniachia marehemu mume wangu Rachide. Ni ndogo, ya kuvulia, na ndani haina sakafu. Ukiingia unakanyaga mataruma, zile mbavu za mti zinazoshika mbao za ubavuni, na katikati yake maji. Mashua ya mbao inavuja kidogo siku zote, ndiyo tabia yake, na mtu mmoja anakaa na kopo akiyakumba. Huwezi kumlaza mja mzito juu ya mataruma. Ni sawa na kumlaza juu ya ngazi.

Hermínio ndiye aliyesema ataweka sakafu. Neno likaja kwangu kupitia Nazira, nikajibu haya, afanye, safari ni keshokutwa. Alikuwa na mbao alizonunua Palma, za yale masanduku makubwa ya mizigo, nyepesi na kavu kama mifupa. Aiuba, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye nahodha wetu, alikaa naye asubuhi ya kwanza akamwelekeza. Baada ya hapo aliachwa peke yake na msumeno wake.

Alifanya kazi siku mbili, mashua ikiwa imepandishwa mchangani mbele ya nyumba. Mimi nilimtazama kutoka mlango wa jikoni, hatua thelathini hivi, maana kusogea siwezi. Na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyochukia. Ile mashua Rachide aliikalafati, akiziba mishono yake kwa pamba, kwa mikono yake kila mwaka. Alijua kila mshono ulipo, na pamba iliyotiwa katika kila mshono. Leo fundi wa milango anaingia na skrubu zake, krii, krii, krii, katika mataruma ya mume wangu. Siku ya pili, adhuhuri, aliweka chini bisibisi yake, akarudi nyuma, akashika kiuno, akaitazama kazi yake akitabasamu. Ni lile tabasamu lililonitia moto.

Nikamwita Nazira. "Mwambie mumeo ile kazi ni ya ovyo. Hata banda la kuku halitengenezwi vile."

Nazira alinijibu kwamba sijaisogelea, nimeionaje. Nikamwambia macho ninayo. Akaenda taratibu, mkono kiunoni, akasimama kando ya mashua akasema naye. Nilimwona mkwe wangu akisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akapanda tena ndani, akainama, akaikagua sakafu shibiri kwa shibiri, na nyundo ikaanza. Aligonga mpaka alasiri. Nikasema moyoni, vizuri, limemfika.

Maji yalipojaa jioni, giza likiwa limeingia, Aiuba na vijana waliisukuma mashua baharini bila kuitazama ndani, ikafungwa nangani, ili mbao zake zilizokaa juani siku mbili zinywe maji na mishono ijifunge. Ikalala hapo.

Asubuhi jua lilikuwa limeshatoka nilipomsikia Nazira akiniita kutoka chooni. Hakupiga kelele. Alisema tu "Mama", mara moja. Nilipofika alikuwa ameshika ukuta, na kapulana yake ilikuwa imelowa damu mpaka magotini.

Sikumbuki nani alimwita nani. Nakumbuka Aiuba akikimbia na dumu la mafuta begani huku anapiga simu Olumbe, kijiji cha ng'ambo, gari litusubiri ufukweni, na Hermínio akimbeba mke wake mikononi, akiingia majini mpaka kifuani, yeye anayeogopa maji ya magotini. Alimlaza juu ya godoro katikati ya mashua, kisha akarudi kuchukua mkoba wake wa vyuma vya kazi. Ule mkoba hauachi. Nadhani hata kaburini atataka kuingia nao. Safari hii sikumcheka.

Nilipopanda ndipo nilipoikanyaga ile sakafu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na haraka, lakini niliitazama, na moyo ulinipasuka. Ilikuwa nzuri. Mbao zimelala kwa urefu wa mashua, zimebanana, na pembeni kabisa, kushoto na kulia, zimeshindiliwa vipande vyembamba mpaka ubao umekutana na ubavu. Hata ukucha usingepita. Skrubu kila mahali, hakuna ubao hata mmoja wa kuinua.

Mtoto wa kisiwani wa miaka kumi anajua kosa hilo. Mbao kavu zikinywa maji zinavimba. Sakafu ya mashua inaachiwa nafasi ya kidole kila upande ili ipate pa kuvimbia, na ubao mmoja unaachwa bila kukazwa ili uinuliwe maji yakumbwe. Ukiishindilia hivi, inavimba na kusukuma mbavu za mashua kutoka ndani, na mishono inaachia. Nayo ilikuwa imelala majini usiku mzima.

Nilimuuliza Aiuba ubao wa kukumbia maji uko wapi. Naye alikuwa anautafuta kwa macho. "Nilimwambia," alisema. "Wallahi nilimwambia." Tukatazamana. Kisha tukamtazama Nazira, midomo yake ilivyopauka, na hapakuwa na la kujadili. Kuvuka hadi Olumbe ni mwendo wa saa moja na nusu. Aiuba akavuta kamba ya injini.

Nusu saa ya kwanza tulikwenda vizuri. Nilikaa nimekiweka kichwa cha Nazira mapajani, nikihesabu pumzi zake, Hermínio yuko mbele ameshika miguu yake isitikisike. Bahari ilikuwa na mawimbi madogo tu ya asubuhi. Kila nilipobadilisha kitambaa chini yake kilitoka chekundu, na kila mara nilikitupa baharini haraka ili mume wake asikione. Alikiona. Nilijua kwa sababu alikuwa anahesabu midomo ikimcheza.

Kisha mashua ikaanza kuwa nzito. Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyekaa chomboni. Wimbi likija, mashua inainuka. Sasa ilichelewa kuinuka. Likipita, inashuka, sasa ilishuka ikakaa. Ikainamia kulia, ikasita pale, na chini yangu, chini ya zile mbao nzuri, nikasikia kitu kizito kinaviringika kutoka upande huu kwenda upande ule. Yalikuwa maji, na mengi.

Aiuba alikuwa nyuma kwenye injini, hasikii kitu. Nilimwonyesha kwa mkono, chini, chini. Akaelewa, uso ukambadilika, akataka kupunguza mwendo. Nikamkataza kwa ishara: ukisimama yote yatatapakaa, tutazama kama jiwe, endelea, pua ikae juu, maji yaje nyuma. Lakini kuja nyuma kulikuwa na faida gani, ikiwa yamefungiwa chini ya ubao na kopo ninalo mkononi?

Nikasema, kama nilivyozoea, "Nazira, mwambie mumeo aing'oe..."

Nazira alikuwa amefumba macho. Nikampiga kofi dogo shavuni, nikamwita tena. Alifungua macho nusu, akanitazama bila kunijua, akayafumba. Mtu wa kupeleka maneno yangu alikuwa hayupo.

"Hermínio," nikaita.

Alishtuka kama aliyechomwa. Na unajua alifanya nini? Alinigeuzia kisogo, akainamisha kichwa, akaziba uso kwa kiganja. Heshima. Mke wake anavuja damu, mashua inajaa maji, na mkwe wangu ananipa heshima yangu. Nilitaka kulia na nilitaka kumtupia kopo.

"Hermínio, geuka unitazame. Maji yako chini ya mbao zako. Ing'oe sakafu."

Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake, ana macho ya kijana mdogo. "Mama, Nazira kalala juu yake."

"Anza huko pembeni, nyuma. Za katikati, alipolala yeye, ziache. Ng'oa."

Alimimina mkoba wote chini, akachukua nyundo na patasi, akaja upande wa kulia nyuma yangu. Vile vipande vyembamba vya pembeni vilikuwa vimevimba mpaka vimepanda juu ya mbao. Akaingiza patasi, ikateleza. Akaingiza tena, akapiga. Haikutoka hata chembe. Nilimwona jasho linamdondoka puani, na hasira yote ya siku mbili ikanipanda kichwani.

"Nani alikwambia uzibe?" nikampigia kelele. "Aiuba hakukwambia uache nafasi?"

Hakuacha kupiga. Alijibu kati ya pigo na pigo, akiwa hanitazami. "Alinambia. Nafasi ya kidole, na ubao mmoja usikazwe. Niliviacha vyote, mama. Kisha Nazira akanletea neno lako, kazi ya ovyo. Nikaitazama kazi yote, palipokuwa vibaya sikupaona. Nikaona labda ni pale penye upenyo, na ule ubao unaocheza. Ndiyo nikaziba."

Pigo lililofuata likapasua kipande. Zile mbao zikaruka juu kwa mlio kama bunduki, na kwa jinsi tulivyoishi miaka ile, sote watatu tuliinama. Kisha maji yakaonekana. Meusi, yana magamba ya samaki na povu la pinki, yamefika juu ya mataruma, yamebakiza vidole viwili kuzifikia mbao alizolalia mwanangu.

Sikupata nafasi ya kuwaza alichoniambia. Niliingia na kopo nikakumba. Nilikumba kwa mikono miwili, nikatupa, nikakumba, na bado yalikuwa yanakuja. Hermínio akang'oa ubao wa pili, wa tatu, skrubu zikitoka na vipande vya mti, akizitupa mbao zake baharini moja baada ya moja bila kuzitazama. Nilimwambia anishike mkono wa kushoto, nikainama nikapapasa ubavuni chini ya maji. Ulipo mshono wa pili kutoka chini niliisikia bahari inaingia, baridi, kwa nguvu. Pamba ya Rachide ilikuwa imetoka inaning'inia kama utumbo.

Nikavua kapulana yangu ya juu, nikaipasua kwa meno. Nikamwambia anipe patasi pana. Yeye aliushikilia ubavu, mimi nikashindilia kitambaa kwenye ule ufa, shibiri kwa shibiri, mikwaruzo mpaka kwenye kiwiko. "Upande ule nao," nikamwambia, "uulegeze, usije ukaachia." Akatambaa juu ya mataruma, mtu asiyejua kuogelea, kiwiliwili chote kimening'inia juu ya maji, akaving'oa na vile vipande vya kushoto. Mashua ikapumua. Naapa niliisikia: mbao zilirudi mahali pake na maji yakapungua nguvu, yakawa ya kujipenyeza tu.

Zikabaki mbao nne za katikati, na Nazira juu yake. Skrubu zake zilikuwa zimelegea na pembeni hazikuwa na cha kuzishika, kwa hiyo Hermínio alipiga magoti ndani ya maji, akaweka mikono chini ya mbao, akazishikilia zisicheze. Safari yote iliyobaki alikaa hivyo. Mimi nilikumba. Kila nilipoinuka kumwaga kopo niliuona uso wa mwanangu, na kila nilipoinama nililiona lile neno langu, kazi ya ovyo, neno nililolitoa mlangoni mwa jikoni hatua thelathini mbali, bila kuona kitu. Nilikuwa najua kila kinachotakiwa katika sakafu ya mashua. Ningeweza kutuma hicho. Nilituma dharau, na kijana wa watu akaitii.

Olumbe watu waliingia majini kutupokea. Gari lilikuwepo. Njia ya Palma siielezi. Niliipita nimefumba macho, kidole changu kikiwa kwenye mshipa wa shingo ya Nazira.

Pale hospitali walimpokea mlangoni wakamwingiza ndani, na mlango ukafungwa. Tukakaa nje kwenye baraza, mimi mwisho huu wa benchi, Hermínio mwisho ule, Aiuba katikati. Mimi sina kapulana ya juu, nimejifunika shati la Aiuba. Mikono ya mkwe wangu ilikuwa imepasuka na kuvimba, ameiweka magotini kama vitu visivyo vyake. Hakunitazama. Tulipofika nchi kavu alirudisha macho yake chini, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Mila ilikuwa inanisitiri. Nisingelazimika kusema kitu.

Adhuhuri ilipita. Watu wa kijiji chetu waliopo Palma walianza kufika, mmoja mmoja, kama habari inavyokwenda. Walikuwa kama tisa hivi alipotoka muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, jina lake Benilde limeandikwa kifuani. Aliuliza mume ni nani. Hermínio akasimama. Akamwambia ni mtoto wa kike, mdogo lakini analia vizuri. Mama yake amepoteza damu nyingi sana, wamemwongezea, hajaamka, lakini moyo unapiga na damu imesimama. Kama mgonjwa angechelewa nusu saa zaidi, alisema, angekuwa anatuambia maneno mengine.

Wengine walisema alhamdulillahi, Aiuba akalia kwa sauti. Benilde akauliza ilikuwaje mgonjwa akaletwa amelowa maji ya chumvi mpaka mgongoni, wakati maelekezo yalikuwa alazwe pakavu. Hakuuliza kwa ubaya. Watu wote wakamgeukia Hermínio.

"Ni mimi," alisema. "Niliweka sakafu kwenye mashua, sikuiacha nafasi. Sijui kazi za mashua."

Nikasikia mtu nyuma yangu akiguna, na mwingine akanong'ona, fundi wa milango. Najua watu wangu. Kufikia jioni lingekuwa limevuka maji: mtu wa bara nusura amzamishe mke wake. Angelibeba hilo miaka yote, na angelibeba kimya, na mtoto wake angekua akilisikia. Nilichotakiwa mimi ni kuvuta shati usoni na kunyamaza, na kila mtu angesema mama yule ana heshima.

Nikasimama.

"Anasema uwongo," nikawaambia. "Nafasi aliiacha, na ubao wa kukumbia maji aliuacha, kama Aiuba alivyomwelekeza. Mimi ndiye niliyemtumia neno kwamba kazi yake ni ya ovyo, na sikuwa nimeiona. Akaziba kwa ajili yangu." Kisha nikamgeukia yeye, mbele yao wote, uso wangu wazi. "Hermínio, kosa ni langu. Nisamehe."

Aiuba alikuwa amefuta machozi, ananitazama mdomo wazi. Hermínio alikuwa bado ameinamisha macho, na nilidhani atanigeuzia kisogo kama kule baharini. Lakini aliinua uso, akaja mpaka niliposimama, akanitazama machoni, na bila mjumbe akaniuliza kama nimekula chochote tangu asubuhi. Nikamwambia bado.